Hivi kwa nini mabinti watukutu wa Japani walikuwa wanavaa sketi NDEFU?

Huku kwetu ukisikia binti kaharibika shuleni, watu kitu cha kwanza wanaangalia sketi, ikipanda juu ya magoti basi keshakuwa mhuni. Sasa Japani ya miaka ya 1970 ilikuwa kinyume chake, ukikutana na mwanafunzi wa kike sketi inamfagia vifundo vya miguu unahamia upande wa pili wa barabara fasta, maana huyo ni sukeban.

Hilo ni neno la mtaani, suke ni mwanamke na ban imetoka kwenye bancho, yaani bosi wa wahuni shuleni. Wavulana walikuwa na magenge yao ila hawakutaka wasichana humo, basi nao wakaona isiwe tabu, wakaanzisha ya kwao. Sigara, kunusa thina ya rangi, kuiba madukani, ngumi za kike na kike, yote walifanya.

Turudi kwenye sketi. Mwaka 1967 Twiggy, yule modo mwembamba wa Uingereza, alitua Japani na vimini vikawa homa ya nchi nzima. Sasa kama kimini kinavaliwa mpaka na dada wa ofisini na wanaume wanakishangilia, utamshtua nani nacho? Ndo maana wengi wanasema sketi ndefu ilikuwa namna ya kuwaambia wanaume sijavaa kwa ajili yenu. Na sheria za shule zilitaja urefu kamili, kwa hiyo hata kuzidisha ni kosa. Halafu kuna hili la kawaida tu, chini ya sketi ndefu unaficha wembe au mnyororo na mwalimu haoni kitu.

Ila mimi kinachonimaliza ni mabegi. Begi la shule lilikuwa la ngozi, gumu, wao wanalimwagia maji ya moto likalainika halafu wanalilalia chini ya godoro mpaka linakuwa bapa kama chapati, daftari lenyewe linaingia kwa shida. Yaani mwalimu akiliona tu getini anajua huyu hajaja kusoma.

Cha ajabu ndani ya genge kulikuwa na sheria kali kuliko za shule, ukimkosea heshima dada mkubwa unachomwa na sigara. Wamekimbia viboko wakaenda kuunguzana wenyewe!

Miaka ya 1980 shule nyingi zikaona dawa ni kubadili sare, zile za kibaharia, zenye kola pana kama za mabaharia, zikatolewa wakaleta blaza na sketi za drafti. Haikusaidia sana, maana miaka ya 1990 mabinti wa Shibuya, mtaa wa vijana jijini Tokyo, wakaanza kukunja sketi kiunoni mpaka ikafika mapajani, chini wanavaa soksi pana zimejikunja kama za mtu mwingine, wanazigandisha mguuni na gundi maalumu, na mwalimu yuleyule aliyekuwa anapigania sketi ipande sasa anaomba ishuke.