Kabla ya kununua saplimenti, mpandishe mzee kwenye mizani

Mzee wenu mwenye dimensia, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ana kilo ngapi? Hilo ndo swali langu la kwanza familia ikija kuniona na wengi wanakwama hapo hapo. Wamekuja na mfuko mzima, mafuta ya samaki, mafuta ya nazi, unga flani wa majani, kila kimoja kimependekezwa na mtu, lakini kilo hakuna anayejua, mara ya mwisho alipimwa mwaka juzi alipolazwa.

Mi ni mtu wa lishe, wazee wenye dimensia ndo kazi yangu ya kila siku, na kusema ukweli nimechoka kuulizwa chakula gani kinarudisha kumbukumbu. Hakuna. Tulimalize hilo mapema. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 walisema vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega-3 na zile saplimenti za mchanganyiko zisipendekezwe kwa ajili ya kukinga akili isishuke. Na ule mlo maarufu wa MIND, wenye mboga za majani kwa wingi, beri, karanga na samaki, ulijaribiwa Marekani kwa watu 604 kwa miaka 3, majibu yakatoka 2023: waliokula hivyo walipanda kidogo kwenye vipimo vya akili, na wale wa kundi la pili, ambao hawakupewa mlo huo, nao wakapanda kidogo, tofauti yao haikuwa ya kuhesabika. Na hao walikuwa bado hata hawajaugua! Sisemi mboga zitupwe, moyo na mishipa ya damu inazihitaji sana tu. Nasema usiziuze kama dawa.

Sasa mtu akishaugua, hesabu inageuka. Kule Cache County, Utah, watafiti waliwafuatilia watu wenye dimensia mwaka baada ya mwaka, wakaona wale ambao lishe yao ilikuwa mbovu walishuka kwa kasi zaidi, akili na hata uwezo wa kujihudumia. Hapa mtu anaweza kuruka na kusema basi tukimlisha vizuri ugonjwa unasimama. Taratibu. Mshale unaelekea pande zote mbili, ugonjwa wenyewe unakula mwili, kuna watu kilo zao zinaanza kupungua miaka kadhaa kabla hata dokta hajatamka neno dimensia. Ila ninachokiona mimi kazini ni hiki, mzee akikonda misuli inaisha, misuli ikiisha anaanguka, akianguka analazwa, hospitali anapata maambukizi anachanganyikiwa ghafla, anarudi nyumbani si yule aliyeondoka, na hiyo hatua aliyoshuka mara nyingi hapandi tena. Seli za ubongo siwezi kuzigusa, hizo kilo naweza.

Kwa hiyo pima kila mwezi, mizani ile ile, nguo nyepesi, andika. Akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja au 10 ndani ya miezi sita, mpeleke, usisubiri kliniki ijayo. Yani mzee wa kilo 60 akishuka 3 kwa mwezi hiyo ni dharura ya taratibu, haipigi kelele lakini ni dharura.

Halafu kuna hili neno linaniudhi, "amegoma kula". Mara nyingi hajagoma. Binti mmoja aliniambia mama yake amegoma siku nne, nikakuta sahani iko mbele yake, chakula kimepoa, mama anakiangalia tu. Nikamwekea kijiko mkononi, nikaushika mkono wake kwa juu tukapeleka kijiko cha kwanza mdomoni pamoja, cha pili pamoja, cha tatu akaenda mwenyewe. Alikuwa amesahau jinsi ya kuanza, si kingine.

Wengine hawakioni chakula kabisa. Macho yanaona ila ubongo hautenganishi, wali mweupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe, kwake hapo hakuna kitu. Watafiti wa Boston walichapisha 2004, wagonjwa 9 tu ndo maana sipigi sana tarumbeta, walipobadilisha vyombo vikawa na rangi nyekundu kali ulaji ukapanda asilimia 25 na unywaji asilimia 84. Sahani ya rangi haina madhara, jaribu wiki hii. Zima na tivii wakati wa kula, weka chakula kimoja kimoja, na vile vya kushika kwa mkono ni bora kuliko kupigana na uma.

Angalia pia mdomoni, ndani kabisa. Meno ya bandia yanalegea mtu akikonda, fizi zinapata vidonda, na yeye hawezi kukwambia panauma anageuza uso tu. Angalia na dawa, zile za kumbukumbu kama donepezili, rivastigmini na galantamini zinaweza kuleta kichefuchefu na kuua hamu ya kula, kama kilo zilianza kushuka baada ya dozi kupandishwa mwambie dokta, ila usikate dawa mwenyewe. Vitamini B12 nayo iko upande huo huo wa kuangaliwa, uzee wenyewe unapunguza uwezo wa tumbo kuichukua, na ukitumia metformini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (ya kupunguza asidi ya tumbo) miaka mingi inazidi kushuka, na upungufu wake peke yake unaweza kumfanya mtu achanganyikiwe. Kipimo ni cha damu tu. Hapo vitamini ina kazi kwa sababu imepungua kweli.

Kitu kinachowashtua watu ni nikisema ondoeni masharti ya chakula. Mzee wa miaka 84 ana dimensia anakonda, bado anakula bila chumvi bila mafuta bila sukari kwa sababu mwaka flani aliambiwa ana kolestro. ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, wanasema wazi milo ya kumbana mgonjwa wa dimensia iepukwe. Mwenye kisukari ongea na dokta wake mpange upya, lakini kwa wengi mi naongeza mafuta kwenye supu, maziwa ya unga kwenye chochote kinachokubali, yai. Protini walau gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6, piga hesabu uone pengo lilivyo kubwa. Akipenda vitamu mpe, ladha ya utamu huwa inabaki zingine zikififia. (Dimensia ya sehemu ya mbele ya ubongo ni kinyume, huyo anakula bila kikomo, huko unafunga kabati.)

Akianza kukohoa akinywa, au sauti inakuwa kama ina maji baada ya kumeza, hapo anahitaji mtaalamu wa kumeza haraka maana chakula kinaingia njia ya hewa na nimonia ndo inafuata. Akae wima akila, na abaki wima kama nusu saa baadaye.

Mwishoni familia zinaulizia mpira wa kulishia, ule unaopeleka chakula moja kwa moja tumboni. Kwa dimensia iliyofika mbali ESPEN hawaushauri, Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani nao hivyo hivyo, hakuna ushahidi kwamba unarefusha maisha wala kwamba unazuia nimonia, na mikono mara nyingi inabidi ifungwe asiuvute. Wanachoshauri ni kumlisha kwa mkono, kidogo kidogo, anachopenda. Inachukua hata dakika 40 kwa mlo mmoja, najua. Na akifunga mdomo akageuza uso baada ya vijiko vitatu, amesema tosha, mfute midomo, iloweshe kidogo, ujaribu tena baada ya saa moja.