Je, wajua kwa nini nusu fainali ya Kombe la Sovieti ya mwaka 1939 ilichezwa tena baada ya fainali?

Mpira wa mtoano una sheria moja inayojulikana hata na watoto wa chandimu: ukifungwa, unafunga virago. Hakuna wiki ijayo, hakuna kuhesabu pointi. Ndiyo maana ratiba ya Kombe la Umoja wa Kisovieti la mwaka 1939 inamtatiza kila anayeisoma kwa mara ya kwanza. Tarehe 8 Septemba, Spartak Moscow waliifunga Dinamo Tbilisi ya Georgia 1-0 katika nusu fainali. Tarehe 12 Septemba wakacheza fainali na Stalinets ya Leningrad, timu ya kiwanda cha chuma ambayo baadaye ilikuja kuwa Zenit, wakashinda 3-1 na kukabidhiwa kombe. Kisha tarehe 30 Septemba, Spartak na Dinamo Tbilisi wakaingia tena uwanjani kucheza nusu fainali ileile.

Bingwa alikuwa ameshapatikana na kombe alikuwa nalo, lakini aliambiwa akathibitishe upya kwamba alistahili kufika fainali.

Chanzo ni bao moja. Katika ile mechi ya kwanza, mshambuliaji wa Spartak, Andrei Protasov, alipiga mpira langoni mwa Tbilisi. Kipa Dorokhov aliugusa, lakini hakuudaka. Beki Shota Shavgulidze akaukimbilia na kuuondoa kwa teke. Je, wakati anauondoa, ulikuwa umeshavuka mstari wote? Mwamuzi Ivan Gorelkin aliona umevuka, akapuliza kipyenga na kuonyesha katikati ya uwanja. Wachezaji wa Tbilisi walipinga, lakini uamuzi haukubadilika na dakika zikaisha. Malalamiko ya namna hiyo husikika kila wiki popote mpira unapochezwa, na kwa kawaida huishia kwenye baraza za kahawa.

Safari hii hayakuishia huko, na ili kuelewa sababu inabidi kujua nani alikuwa nyuma ya kila timu.

Katika Umoja wa Kisovieti hapakuwa na timu ya tajiri fulani. Kila klabu ilikuwa chini ya chama cha michezo, na kila chama cha michezo kilikuwa na mlezi wake serikalini au kazini. Lokomotiv ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. CDKA, ambayo leo ni CSKA, ilikuwa ya jeshi. Dinamo, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilikuwa ya polisi na idara ya usalama, na ilikuwa na matawi katika miji mingi mikubwa: Dinamo Moscow, Dinamo Kiev, Dinamo Leningrad, Dinamo Tbilisi. Zote hizo zilikuwa timu tofauti, lakini ukoo mmoja.

Spartak ilikuwa na asili nyingine. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1935, likitokana na Spartacus, yule mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma, na timu ililelewa na vyama vya ushirika vya mafundi na wazalishaji wadogo. Nyuma yake walisimama ndugu wanne wa Moscow: Nikolai, Aleksandr, Andrei na Pyotr Starostin. Wote wanne walicheza mpira, na Nikolai, mkubwa wao, ndiye aliyekuwa na kipaji cha kupanga mambo. Watu wa kawaida wa Moscow waliipenda timu hiyo kwa sababu haikuwa ya polisi wala ya jeshi. Katika miaka ile ya watu kukamatwa usiku na idara ya usalama, kushangilia timu inayoifunga Dinamo ilikuwa nafasi adimu ya mtu kupaza sauti hadharani bila kuulizwa kwa nini. Huo ndio moyo wa jambo hili, na bila huo utaliona bao la Protasov kuwa bao tu.

Ndugu hao walikuwa na rafiki mkubwa serikalini, Aleksandr Kosarev, kiongozi wa umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti. Mwezi Julai mwaka 1936, siku ya gwaride la wanamichezo, Kosarev na Nikolai Starostin walifanikisha jambo ambalo halikuwahi kuonekana: mechi ya mpira katikati ya Uwanja Mwekundu wa Moscow, mahali pa magwaride, mbele ya Stalin, juu ya zulia kubwa la kijani lililotandikwa juu ya mawe. Wachezaji wa Spartak walicheza wenyewe kwa wenyewe, mabao yakiwa yamepangwa mapema ili kiongozi aone kila aina ya ufundi: la kichwa, la kona, la penalti. Nikolai alisimulia baadaye kwamba Kosarev alisimama karibu na Stalin akiwa na kitambaa cheupe mkononi. Akikipunga, mechi ikatishwe mara moja. Ilipangwa kuchezwa nusu saa. Kitambaa hakikupungwa, na wakacheza dakika 43.

Mwaka uliofuata, timu ya Wabaski kutoka Hispania ilizuru nchi hiyo ikawachapa karibu wote waliokutana nao, Dinamo Moscow wakiwamo. Spartak wakaifunga 6-2. Mwaka 1938 Spartak wakachukua ubingwa wa ligi na kombe kwa pamoja. Kila ushindi wa aina hiyo uliongeza mashabiki, na uliongeza pia maadui.

Novemba 1938 mambo mawili yalitokea kwa mpigo. Kosarev alikamatwa, na Februari iliyofuata akauawa kwa risasi. Mwezi huohuo wa Novemba, Lavrenty Beria alichukua uongozi wa NKVD, idara ya usalama iliyokuwa mlezi wa Dinamo zote. Beria alikuwa mtu wa Georgia. Kabla ya kuhamia Moscow ndiye aliyekishika Chama cha Kikomunisti huko, na uwanja wa Dinamo mjini Tbilisi ulikuwa na jina lake. Alikuwa shabiki wa kweli, tena aliyewahi kucheza mwenyewe. Nikolai Starostin aliandika kwamba walikutana uwanjani katika miaka ya 1920 huko Georgia, na kwamba Beria alikuwa mchezaji wa kiungo mzito na mwenye rafu, ambaye yeye Nikolai alimpita kwa urahisi. Maelezo hayo ni ya upande mmoja, lakini yanaeleza jinsi Nikolai alivyouona uadui huo: ulikuwa wa mtu na mtu kabla ya kuwa wa timu na timu.

Na Tbilisi wenyewe walikuwa na kiu. Kombe la Sovieti lilianza mwaka 1936, wakafika fainali ya kwanza kabisa na kufungwa 2-0 na Lokomotiv. Mwaka 1937 wakafika tena, wakafungwa 5-2 na Dinamo Moscow. Walikuwa na Boris Paichadze, mshambuliaji aliyechezea mpira kwa ulaini ambao Wageorgia wanausimulia hadi leo. Uwanja mkuu wa Tbilisi sasa unaitwa kwa jina lake. Timu ya namna hiyo kutolewa nusu fainali kwa bao lenye utata ilikuwa uchungu halali, na mimi siwalaumu kwa kukata rufaa. Rufaa ni haki ya kila timu. Kosa lilikuwa katika namna ilivyoamuliwa.

Kwa mujibu wa Starostin, rufaa hiyo ilikataliwa kwanza na wahusika wa michezo, ndiyo maana fainali ikachezwa bila wasiwasi. Baada ya kombe kukabidhiwa ndipo amri ikashuka kutoka juu, kutoka ofisi za Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti: nusu fainali irudiwe. Mtu angeweza kuuliza, na fainali je? Kama Tbilisi wangeshinda, ingebidi ichezwe fainali nyingine, na Spartak warudishe kombe. Kwa mpira wa mtoano hilo ni sawa na kubomoa nyumba kutoka kwenye paa kurudi msingini.

Tuikumbuke pia kalenda. Tarehe 1 Septemba Ujerumani ilikuwa imeivamia Poland. Tarehe 17, siku tano baada ya fainali, Jeshi Jekundu la Kisovieti nalo liliingia Poland kutoka mashariki. Vita vya Pili vya Dunia vimeanza, ramani ya Ulaya inachorwa upya, na katikati ya hayo viongozi wa nchi kubwa kuliko zote wanatafuta muda wa kushughulikia mpira uliovuka au kutovuka mstari.

Spartak hawakuwa na namna ya kukataa. Walichoweza kupigania ni mwamuzi. Nikolai anaeleza kwamba alisisitiza mechi apewe Nikolai Usov wa Leningrad, mtu aliyeaminika kuwa haogopi jina la mtu. Ombi hilo lilikubaliwa, na huenda ndilo lililookoa heshima ya siku ile.

Tarehe 30 Septemba, uwanja wa Dinamo mjini Moscow ulifurika. Wachezaji wa pande zote walijua nani anatazama. Mshambuliaji wa Spartak, Georgy Glazkov, alifunga mabao matatu peke yake. Tbilisi walipambana wakarudisha mawili, na mechi ikaisha 3-2. Starostin alikumbuka kwamba alipotazama jukwaa la viongozi alimwona Beria akiinuka kwa hasira, akakisukuma kiti kwa teke, akaondoka.

Jambo la kutafakari ni hili: wenye nguvu waliweza kuamuru mechi irudiwe, na waliweza kuchagua siku na uwanja. Lakini hawakuweza kumwamuru Glazkov akose. Mabao matatu halali mbele ya maelfu ya macho hayakuwa na mstari wa kubishania, na Spartak wakabaki na kombe. Mwaka huo walichukua na ubingwa wa ligi kwa mara ya pili mfululizo.

Gharama ililipwa baadaye. Nikolai alisimulia kwamba hati ya kumkamata iliandaliwa mapema, lakini waziri mkuu Molotov hakutia saini. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alizinduliwa usingizini kwa mwanga wa tochi usoni. Ndugu wote wanne walikamatwa na kupelekwa gereza la Lubyanka. Mwanzoni walituhumiwa kupanga kumuua Stalin wakati wa gwaride la wanamichezo. Tuhuma hiyo ilifutika, na mwishowe wakahukumiwa kifungo cha miaka kumi kila mmoja, kwa makosa yaliyohusu mali za chama cha michezo na kile kilichoitwa kueneza mwenendo wa michezo ya kibepari.

Si haki kusema walifungwa kwa sababu ya nusu fainali peke yake. Mlinzi wao Kosarev alikuwa ameshauawa, walikuwa wamesafiri nje ya nchi na kuzoeana na wageni, na idara ile ilikamata watu wengi sana kwa sababu ndogo kuliko hizo. Lakini waliokuwa uwanjani tarehe 30 Septemba hawakuhitaji kuelezwa kwamba majina ya Starostin yalikuwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye kinyongo.

Umaarufu wa mpira ndio uliomwokoa Nikolai kambini. Makamanda wa kambi za kaskazini na za mashariki ya mbali walipenda soka kama watu wengine, na kila mmoja alitaka timu yake ifundishwe na Starostin. Huko Ukhta alifundisha Dinamo ya mji huo, timu ya walinzi wake mwenyewe. Mwaka 1948 Vasily, mtoto wa Stalin, aliyekuwa na timu ya jeshi la anga, alimrudisha Moscow kwa ndege ili amfundishie. Beria akataka aondolewe mjini. Kwa kipindi fulani Nikolai aliishi nyumbani kwa Vasily na kulala naye kitanda kimoja, bastola ikiwa chini ya mto, kwa sababu hapo tu ndipo askari wasingethubutu kuingia. Haikusaidia kwa muda mrefu. Alipelekwa tena mbali, hadi Kazakhstan, na huko pia akafundisha mpira.

Wakati ndugu hao wakiwa kifungoni, Kombe la Sovieti lilirejea mwaka 1944, vita vikiwa bado havijaisha. Mwaka 1946 fainali iliwakutanisha tena Spartak na Dinamo Tbilisi. Ikaisha 3-2 kwa Spartak, baada ya muda wa nyongeza. Beria alikuwa bado na nguvu kubwa. Safari hii hakuna aliyeamuru mechi irudiwe.

Stalin alifariki Machi 1953. Beria alikamatwa Juni mwaka huohuo na kuuawa Desemba. Ndugu wa Starostin waliachiwa wakasafishwa majina, wote wanne wakiwa hai, na mwaka 1955 Nikolai akarudi kuiongoza Spartak. Aliishi hadi 1996, akauona Umoja wa Kisovieti wenyewe ukisambaratika.

Wageorgia nao walisubiri muda mrefu kuliko walivyostahili. Walipoteza fainali za 1936, 1937, 1946, 1960 na 1970. Mwaka 1976 ndipo walipoifunga Ararat Yerevan 3-0 na kulibeba Kombe la Sovieti kwa mara ya kwanza, mwaka uleule ambao Spartak walishuka daraja. Wakalibeba tena mwaka 1979, na tiketi hiyo ya pili ndiyo iliyoanza safari ndefu zaidi: walishiriki Ulaya, na Mei 1981 mjini Düsseldorf wakaifunga Carl Zeiss Jena ya Ujerumani Mashariki 2-1, wakatwaa Kombe la Washindi la Ulaya. Kwa timu ya Paichadze, lile lilikuwa kombe ambalo hakuna aliyeweza kusema walipewa.