Jiwe, karatasi, mkasi: hapo compareTo haina kazi

Wiki hii nimeletewa tena. Kijana kaandika gemu ya jiwe karatasi mkasi kwa Java, kazi safi, majina yanasomeka, halafu katikati kabisa klasi yake ya Mkono ina implements Comparable (yaani inaahidi metodi ya compareTo, inayosema kipi kikubwa na kipi kidogo), na nikimuuliza kwa nini ananijibu vilevile walivyonijibu wenzake wote: "si tunalinganisha mikono miwili, mwalimu?" Jamani. Kulinganisha kwa maneno ya kawaida sawa, ila compareTo ina mkataba wake, na mchezo huu hauwezi kuutimiza hata uandike kwa ustadi gani.

Mkataba umeandikwa kwenye dokumentesheni na si mrefu. Moja ya masharti: A akiwa mkubwa kuliko B, na B mkubwa kuliko C, basi A lazima awe mkubwa kuliko C. Haya, mkasi unakata karatasi, karatasi inafunika jiwe, kwa hiyo kwa mkataba huo mkasi ulipaswa kulishinda jiwe. Mtoto wa chekechea atakukatalia. Huu mchezo unazunguka na utamu wake wote uko hapo, maana ungekuwa na mkubwa na mdogo kila mtu angetoa mkubwa tu na watu wangeenda nyumbani.

Fungua jshell, ile ya kujaribia Java mstari kwa mstari, ujaribu mwenyewe na klasi kama ya huyo kijana. Weka listi ya JIWE, KARATASI, MKASI, ita Collections.max, inayotafuta mkubwa wa listi, unapata MKASI. Anza na KARATASI, MKASI, JIWE, unapata JIWE. Anza na MKASI, JIWE, KARATASI, unapata KARATASI. Vitu vilevile vitatu na bingwa kila mara mwingine, kwa sababu max inapita listi mara moja tu, na hapo kila anayefuata anampiga aliyemtangulia, basi wa mwisho ndiye anayebaki. Kwenye TreeSet, seti inayojipanga yenyewe kwa compareTo, ni hivyohivyo: utakayemwingiza wa kwanza ndiye atakaa katikati, na anayeitwa wa chini atakuwa anampiga anayeitwa wa juu.

Kinachowadanganya watu ni kwamba programu haianguki. Tangu Java 7 ya mwaka 2011 kupanga objekti kunatumia TimSort, mbinu inayounganisha vipande vilivyokwisha kupangwa, na listi yenye vitu chini ya 32 haifiki hata kwenye hatua ya kuunganisha vipande, ambako ndiko hilo kosa hugundulika, kwa hiyo mikono yako mitatu inarudi kimya kimya na testi zote kijani. Listi ikikua ndiyo siku moja unapigwa na "Comparison method violates its general contract!", na siku nyingine hupigwi, inategemea data ilivyokaa.

Sasa linalonichosha zaidi ni lile jibu la pili: "basi natumia Comparator, si iko nje ya klasi." Hapana! Comparator, kilinganishi kinachoandikwa pembeni, ina masharti yaleyale ya mpangilio. Umehamisha tatizo chumba cha pili, na mzunguko bado ni mzunguko.

Na ukiifanya Mkono kuwa enum, yaani aina yenye orodha maalumu ya majina, ambayo ndiyo sahihi, compareTo tayari ipo na ni final, huwezi kuigusa, inafuata tu ulivyopanga majina. Ukiandika JIWE, KARATASI, MKASI kwa mfuatano huo, karatasi inalizidi jiwe, poa, mkasi unaizidi karatasi, poa, halafu mkasi unalizidi jiwe. Mawili kati ya matatu yako sawa, ndiyo maana mtu anajaribu mara mbili anaridhika na anapeleka kazi.

Andika metodi yenye jina lake, matokeoDhidiYa(Mkono mwingine), irudishe enum nyingine ya USHINDI, SARE, KUSHINDWA. Imeisha.

Ndani yake uweke nini, hapo sina msimamo mmoja. Hesabu ya (3 + ordinal() - mwingine.ordinal()) % 3 (ordinal ni nafasi ya jina kwenye enum, kuanzia 0) ni fupi na naipenda, 0 ni sare, 1 umeshinda, 2 umeshindwa, lakini mtu akibadilisha mfuatano wa majina inaweza kuharibika bila kelele, na dokumentesheni ya ordinal yenyewe inasema programa wengi hawana haja nayo. Switch, ya kuorodhesha kila mkono na jibu lake, inachosha kuandika ila inasomeka, na ukitumia ile ya kurudisha thamani, iliyokamilika Java 14, ukisahau mkono mmoja kompaila inakukatalia. Siku hizi naegemea switch, kesho sijui.

Comparable mpe Mchezaji, kwa pointi zake. Pointi zina mkubwa na mdogo kweli. Tumia Integer.compare, usitoe namba moja kwenye nyingine, na ukiwaweka wachezaji kwenye TreeSet linganisha na jina pia, maana wawili wakifungana pointi yule wa pili haingii na hakuna atakayekwambia.