Kwa nini mshtakiwa wa mauaji huambiwa asijibu chochote?

Msomaji wa habari za mahakamani Tanzania anaijua sentensi hii kwa moyo: baada ya kusomewa shtaka la mauaji, "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo." Kisha anarudishwa rumande hadi tarehe nyingine. Haina mamlaka ya kumsikiliza, ila ya kumpeleka gereza la Segerea inayo?

Vijiweni kuna majibu mawili yanayopendwa. La kwanza: kanyamaza, basi anajua alichofanya. Lakini kimya hicho ameamriwa. Hata akipaza sauti kwamba hakuua, na wapo wanaopaza, haihesabiki kuwa jibu la shtaka. Akisema "nimeua", hakimu huyo vilevile hana uwezo wa kumtia hatiani.

La pili ndilo gumu kung'oka: kanyimwa dhamana, maana yake ushahidi ni mzito. Siku hiyo hakimu hajaona ushahidi wowote. Alichonacho mezani ni hati ya mashtaka, karatasi chache zinazotaja kosa, tarehe, mahali na jina la anayedaiwa kuuawa. Dhamana imezuiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yenyewe, kwa kutazama jina la kosa tu. Mauaji yamo, uhaini umo, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha pia. Likishaandikwa mojawapo ya hayo, awe mzee wa miaka 80 au kijana asiye na rekodi, hakimu hana la kupima.

Tazama hilo linafika wapi. Kuua bila kukusudia kuna dhamana, mauaji hayana. Kinachoyatenganisha ni dhamira ya mtu wakati wa tukio, jambo ambalo majaji hulichambua kwa kurasa nyingi za hukumu. Kwa upande wa dhamana, hata hivyo, tofauti hiyo huamuliwa siku ya kwanza na aliyeandaa hati ya mashtaka. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba zuio hilo linakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na zuio likabaki. Kenya walikwenda njia nyingine: Katiba yao ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya dhamana, hata wa mauaji, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumzuia.

Sasa, kwa nini kesi ianzie mahali isikoweza kusikilizwa? Fikiria zahanati ya kijijini na hospitali ya rufaa. Mgonjwa anayehitaji upasuaji hupokelewa zahanati, jina linaandikwa, faili linafunguliwa, lakini hakuna anayeshika kisu pale. Mahakama ya Hakimu Mkazi hufanya kazi hiyo: inampokea mshtakiwa, inahakikisha analetwa mbele yake kila baada ya wiki mbili hivi, na inasubiri faili likamilike ndipo limfikie jaji wa Mahakama Kuu. Ndiyo maana unasikia "kesi imekuja kwa kutajwa" na "upelelezi haujakamilika" mara kwa mara. Mfano huu una kasoro moja kubwa: mgonjwa akichoka kusubiri, anaweza kwenda zake nyumbani.

Utaratibu huu ni urithi wa Waingereza. Kenya iliuondoa mwaka 2003, na Uingereza yenyewe ikaufuta kabisa mwaka 2013. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2022 ili watu wasifikishwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa mazito kama mauaji yakaachwa nje ya kanuni hiyo.

Upelelezi ukikamilika inafuata hatua ambayo vyombo vya habari huipitia kwa aya moja, ingawa inaweza kubeba kesi nzima. Mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi na kutajiwa vielelezo, kisha kesi inahamishiwa Mahakama Kuu. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa hapo hawezi kuitwa kutoa ushahidi mbele ya jaji, isipokuwa upande wa mashtaka uwe umetoa taarifa ya maandishi mapema. Mahakama ya Rufani imewahi kuufuta ushahidi wa namna hiyo kwenye kumbukumbu, baada ya mtu kuwa tayari amehukumiwa kunyongwa. Kwa hiyo usomaji ule unaochosha, ambao ndugu huusikiliza huku wakisinzia, una uzito kuliko unavyoonekana.

Ni mbele ya jaji ndipo mshtakiwa anapoulizwa kwa mara ya kwanza: ni kweli au si kweli? Wengine hufika hapo baada ya miaka. Wengine hawafiki kabisa, kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi, waliachiwa kwa uamuzi wa ofisi hiyo Juni 2021 baada ya miaka kadhaa rumande. Magazeti huandika "yuko huru", na kweli yuko, lakini kuondolewa kwa kesi si kushinda kesi. Kisheria mtu huyo hajaonekana hana hatia, na kuachiwa kwa njia hiyo peke yake hakumkingi asishtakiwe tena kwa kosa lilelile.