Je, wajua? crypt() haisimbi nenosiri lako

Ukipitia mwongozo wa maktaba ya C kwenye Linux utakuta fanksheni iitwayo crypt(). Ukitafuta ya kurudisha, decrypt(), huipati. Kwa nini? Jibu la haraka, ambalo hata waandishi wa programu hulitoa, ni kwamba crypt() inalisimba nenosiri, na njia ya kulisimbua imefichwa makusudi ili wezi wasiipate. Si kweli. Hakuna kilichofichwa, na nenosiri lenyewe halisimbwi hata kidogo.

Kusimba, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke, kunahitaji vitu viwili: ujumbe na ufunguo. Tunadhani nenosiri ndilo ujumbe, kumbe ndilo ufunguo. Ujumbe ni biti 64 ambazo zote ni sifuri, zilezile kwa kila mtumiaji na kila kompyuta. crypt() ya asili inazisimba sifuri hizo kwa DES, mbinu ya zamani ya usimbaji, ufunguo ukiwa nenosiri lako, kisha tokeo linasimbwa tena na tena hadi mara 25. Linalobaki ndilo linaloandikwa kwenye faili. Sasa tuseme umepewa hiyo decrypt(). Ili uitumie utahitaji ufunguo, yaani nenosiri lilelile ulilokuwa unalitafuta. Na ukishalitia, utapata nini? Sifuri 64.

Fikiria karani anayetaka kuutambua mhuri wa shule fulani. Mwalimu mkuu anaugonga kwenye karatasi nyeupe, karani anaiweka karatasi kwenye jalada, na mhuri unarudi shuleni. Siku nyingine akija mtu anayedai ametumwa na shule, karani anampa karatasi nyeupe na kumwambia agonge. Alama zikilingana, anapita. Karatasi nyeupe ni zile sifuri, mhuri ni nenosiri, na jalada lina alama tu. Hakuna anayekwenda kutafuta maandishi yaliyofichwa chini ya alama, maana hayakuwahi kuwapo. Mfano huu una mpaka wake: fundi hodari anaweza kuchonga mhuri bandia kwa kuitazama alama. Kwa crypt() hilo ndilo gumu. Aliye na alama moja tu hana njia ya maana inayojulikana zaidi ya kujaribu funguo moja baada ya nyingine. Nasema "inayojulikana" kwa sababu hakuna aliyethibitisha kihisabati kwamba njia ya mkato haipo.

Ndani ya programu, ukaguzi wote unaingia kwenye mstari mmoja:

strcmp(crypt(jaribio, hifadhi), hifadhi) == 0

strcmp() inalinganisha maneno mawili na kutoa 0 yakifanana. Neno lililohifadhiwa linatumika mara mbili, na hilo si kosa. Kwa mtindo wa zamani lina herufi 13, na mbili za kwanza ni chumvi: herufi za nasibu zinazoivuruga DES kidogo kwa namna 4096 tofauti. Kwa hiyo watu wawili wenye nenosiri moja huwa na alama zisizofanana, na vifaa vya kawaida vilivyotengenezwa kwa ajili ya DES havimfai mwizi. crypt() inaisoma chumvi humo humo, kisha inagonga upya. Ndiyo maana ukisahau nenosiri, msimamizi wa mfumo hawezi kukutajia. Anaweza tu kukuwekea jingine.

Wazo hili lilitoka Bell Labs, maabara ya Marekani ilikozaliwa Unix, mfumo uliotangulia Linux. Robert Morris na Ken Thompson walieleza mwaka 1979 kwamba Unix ya awali iliiga mashine ya kijeshi ya M-209, na kwa kuwa mashine hiyo ilirudishwa nyuma kirahisi na mwenye ufunguo, nenosiri likahamishwa kutoka kwenye nafasi ya ujumbe kwenda kwenye nafasi ya ufunguo. DES ilikuja baadaye, kwa sababu M-209 ilikuwa na kasi mno, na kasi humsaidia anayebahatisha.

Udhaifu wake unaonekana kwa macho. DES inataka biti 56, kwa hiyo crypt() inachukua herufi nane za kwanza, biti saba kila moja, na zinazofuata inazitupa kimyakimya. Kwa chumvi moja, "mombasa2024" na "mombasa2099" vinatoa alama ileile. Mwaka 1998 Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za kidijitali, walijenga mashine iliyoupata ufunguo wa DES kwa saa 56. Leo crypt() inaelewa mitindo mingine: neno likianza na $6$ ni SHA-512, likianza na $y$ ni yescrypt, ambayo Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, huitumia tangu toleo la 11. Mitindo hii haisimbi hata hizo sifuri, lakini mstari wa ukaguzi haubadiliki.

Je, C haikuwa na fanksheni ya kusimba na kusimbua kweli? Ilikuwa nazo: setkey() ya kuweka ufunguo, na encrypt(), ambayo kwa 0 inasimba na kwa 1 inasimbua. Zinapokea safu ya baiti 64, kila baiti ikibeba biti moja tu. Herufi A, yaani 01000001, inakula baiti nane. Zaidi ya hapo, sheria za Marekani za kuuza bidhaa nje ziliuhesabu usimbaji pamoja na silaha, hivyo nakala zilizopelekwa nchi nyingine zilikuwa na encrypt() inayosimba bila kusimbua. Ajabu ni kwamba katika DES kusimbua ni hatua zilezile, funguo ndogo 16 zikitumiwa kuanzia ya mwisho. Na kiwango cha Marekani chenyewe cha mwaka 1980 kilieleza namna za matumizi, kama OFB, ambazo husimbua kwa kusimba tu.

glibc, maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux, iliacha kuziruhusu setkey() na encrypt() kwa programu mpya tangu toleo la 2.28 la mwaka 2018, na sina sababu ya kuzililia. Ukitaka kufunga data na kuifungua tena, tumia libsodium, maktaba ya usimbaji ya kisasa. crypto_secretbox_easy() inataka ufunguo wa baiti 32 na namba ya baiti 24 isiyorudiwa kamwe kwa ufunguo uleule, ambayo randombytes_buf() itakupa. Ujumbe unaongezeka baiti 16 za uthibitisho, na hizo ndizo ambazo encrypt() haikuwa nazo. crypto_secretbox_open_easy() inazikagua kabla ya kusimbua chochote, na hata biti moja ikiwa imeguswa njiani, inarudisha -1.