Silikoni nyingi haizibi tapeti kava

Katika gereji za jua kali za Nakuru na Kisumu, imani imeenea kwamba kifuniko cha valvu, yaani tapeti kava, kikivuja oili dawa yake ni kupaka silikoni kuzunguka ukingo wote na kukaza bolti kwa nguvu zote. Imani hiyo huharibu injini nzuri.

Kinachoziba ni gasketi ya mpira, ambayo hufanya kazi kwa kubanwa kiasi tu. Ikikazwa kupita kiasi hupasuka, kifuniko hupinda, au nyuzi za bolti kwenye silinda hedi ya alumini hung'oka. Silikoni huwekwa tone dogo kwenye pembe na viungo ambavyo mtengenezaji ameonyesha, kwa sababu inayozidi husukumwa ndani, hukatika na kushuka hadi kwenye chujio la pampu ya oili, na injini inayonyimwa oili haidumu.

Kwenye Subaru Impreza WRX kosa hili ni zito zaidi: silinda zake zimelala ubavuni, kifuniko hukaa pembeni karibu na fremu, oili hukusanyika ukingoni, na inayovuja huweza kudondokea ekzosi yenye moto. Ninawasihi mafundi wakwangue mabaki ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki, wakaushe pande zote mbili, kisha wakaze kwa spana ya kipimo, yaani ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, hatua kwa hatua, kuanzia katikati. Wakague pia valvu ya PCV, ile inayotoa gesi na shinikizo ndani ya injini, kwani ikiziba, shinikizo hupanda na kusukuma oili nje hata penye gasketi mpya.