Dinosaria Ni Ukoo, Si Ukubwa

Mwambie mtu akutajie dinosaria watano, na usishangae wawili kati yao wakiwa si dinosaria. Atamtaja yule mwenye mbawa za ngozi arukaye angani, na yule mwenye shingo ndefu na makasia manne aogeleaye baharini. Wa kwanza ni pterosaria, wa pili ni plesiosaria. Waliishi zama moja na dinosaria, lakini ujirani si undugu. Jina hili halipewi kila mnyama wa kale aliye mkubwa na wa kutisha. Ni jina la ukoo mmoja, na ukoo huo hutambuliwa kwa mifupa, hasa ya nyonga: tundu linalopokea mfupa wa paja limetoboka hadi upande wa pili, na miguu hushuka wima chini ya kiwiliwili badala ya kutanuka pembeni kama ya mjusi.

Anayesingiziwa zaidi ni Dimetrodon, mwenye tanga mgongoni, ambaye hakosekani kwenye pakiti za midoli ya dinosaria. Aliishi miaka milioni 280 hivi iliyopita, makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza, na nasaba yake iko upande wa mamalia. Ana undugu zaidi na wewe unayesoma hapa kuliko na Tyrannosaurus.

Halafu kuna suala la muda. Picha huwachanganya wote katika bonde moja, Stegosaurus akipambana na Tyrannosaurus chini ya volkano inayofuka moshi. Dinosaria wa kwanza walitokea kama miaka milioni 230 iliyopita. Stegosaurus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, Tyrannosaurus kati ya milioni 68 na 66. Kati yao wawili kuna zaidi ya miaka milioni 80, pengo kubwa kuliko lile linalomtenganisha Tyrannosaurus na sisi. Hata nyasi mbichi anazochorewa Stegosaurus miguuni ni za kubuni, kwa kuwa nyasi zilichelewa sana kuja duniani. Binadamu, bila shaka, hakuwapo. Mamalia walikuwapo, na si wote waliokuwa wakijificha mashimoni: mwaka 2005 kilitangazwa kisukuku cha Repenomamus kutoka China, mamalia aliyekufa akiwa na mtoto wa dinosaria tumboni.

Wale wakubwa wenye shingo ndefu nao wana uongo wao. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mnyama mzito kiasi hicho hangeweza kusimama nchi kavu, hivyo alichorwa amezama ziwani, kichwa tu kikichungulia nje ili avute pumzi. Mmoja aliyechorwa hivyo ni Giraffatitan wa Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania. Wajerumani waliendesha uchimbaji pale kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na kiunzi chake sasa kimesimama katika makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13. Hadithi ya ziwani inaanguka kwa hesabu nyepesi: kifua kikiwa chini ya maji mita kadhaa, mgandamizo wa maji ungeyabana mapafu yasiweze kutanuka. Isitoshe, pingili za mgongo wake zilikuwa na nafasi za vifuko vya hewa vilivyounganika na mapafu, mpango uleule tunaouona leo kwa ndege, na hivyo mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko unavyoonekana. Alitembea nchi kavu. Wala si yeye wala dinosaria mwingine tunayemjua aliyemzidi uzito nyangumi wa buluu, anayeishi sasa hivi.

Na wengi hawakuwa wakubwa hata kidogo. Velociraptor halisi, yule anayeogopwa na kila mtoto, alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na kwenye mfupa wa mkono wake kuna vinundu ambapo manyoya yalishikilia. Vilitambuliwa mwaka 2007.

Ndege ndio wanaowapa watu shida kuliko wote. Wengi wameshasikia kwamba ndege "wametokana" na dinosaria, wakaelewa kwamba dinosaria walikwisha, kisha ndege wakashika nafasi yao. Sivyo. Ndege ni dinosaria, sawa na popo alivyo mamalia ingawa anaruka. Mwanabiolojia Mwingereza Thomas Henry Huxley alishauona undugu huo katika karne ya 19, baada ya Archaeopteryx, ndege wa kale mwenye meno, kuchimbuliwa Ujerumani, lakini hoja ilififia hadi mtaalamu wa visukuku John Ostrom alipoifufua kwa kumchunguza Deinonychus, dinosaria mla nyama aliyemwelezea mwaka 1969. Mwaka 1996 akatangazwa Sinosauropteryx kutoka China, dinosaria asiyeweza kuruka ila mwenye manyoya mepesi mwilini. Manyoya basi yalitangulia kuruka. Tusivuke mpaka, hata hivyo, tukamvisha manyoya kila mmoja. Ngozi ya baadhi yao imebaki kwenye mawe, nayo ni ya magamba.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Oviraptor. Alipatikana Mongolia mwaka 1923 juu ya kiota chenye mayai, na kwa kuwa mayai yalidhaniwa ni ya dinosaria mwingine, mwaka uliofuata akapewa jina la mwizi wa mayai. Miaka 70 ikapita. Mwaka 1993 mtaalamu wa visukuku Mark Norell na wenzake wakapata yai la aina ileile likiwa na kiinitete ndani, na kiinitete kilikuwa cha ukoo wa Oviraptor mwenyewe. Baadaye wakapatikana ndugu zake waliokufa wameketi juu ya viota, mikono wameitandaza kuyazunguka mayai. Mzazi aliyekuwa akiatamia alihukumiwa kwa wizi, na kwa kanuni za sayansi jina likishatolewa halifutwi kwa kuwa limemwonea mtu.

Kwa upande mwingine, kenge na joka wa Komodo huitwa "dinosaria walio hai" kwa sababu ya sura tu. Hao ni mijusi. Jamaa wa karibu zaidi wa ndege miongoni mwa wanyama wa leo ni mamba. Moyo wake una vyumba vinne kama wa ndege, na mama hulinda kiota, kisha huwabeba watoto mdomoni hadi majini.

Kuhusu mwisho wa dinosaria wasio ndege, usemi kwamba walikuwa wazito na wajinga, wakashindwa na maisha, hauna msingi. Walitawala nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 130. Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez na mwanawe Walter, mwanajiolojia, walieleza kwamba tabaka la udongo la miaka milioni 66 iliyopita lina iridi nyingi kupita kawaida, metali adimu duniani lakini nyingi kwenye miamba ya angani. Hiyo ilikuwa ishara kwamba mwamba mkubwa wa angani uliigonga dunia. Kasoko ya pigo hilo ikatambuliwa Chicxulub, Mexico, yenye upana wa kilomita 180 hivi. Wachache tu waliuawa na pigo lenyewe. Masizi, vumbi na salfa vilizuia jua, mimea ikafa, kisha walao mimea, kisha walao nyama. Ndege wachache walipenya.

Mawili ya haraka. Petroli haitokani na mizoga ya dinosaria. Sehemu kubwa ni mwani na viumbe vidogo vya baharini vilivyozama na kufukiwa. Na kumfufua Tyrannosaurus kwa DNA haiwezekani: DNA kongwe kuliko zote zilizosomwa, iliyotangazwa 2022 kutoka Greenland, ina miaka milioni 2 hivi.